Mdoli Kabatini, Mtoto Mezani

Hotuba kwa mkutano wa walimu wa uuguzi na ukunga. Tumeiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wakuu wa vyuo, walimu wenzangu, dada zetu wakunga mliotoka zamu ya usiku na bado mmefika, wageni wetu mliovuka bahari: wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Nawaulizeni jambo moja kabla ya jingine lolote. Chuoni kwenu kuna kabati lenye mdoli wa mafunzo? Lina kufuli? Ufunguo uko kwa nani?

Msinijibu mimi, jijibuni moyoni. Mambo yalivyo katika vyuo vingi tunayajua sote. Mdoli ulipofika ulipokelewa kwa picha na keki, ukavalishwa, ukalazwa kitandani, na wiki iliyofuata ukafungiwa. Ulifungiwa kwa nia njema kabisa, kwa sababu ukiharibika nani atalipa? Basi hutolewa siku ya ukaguzi, hupanguswa vumbi, hurudishwa. Na mwanafunzi anahitimu akiwa ameshika maski ya kupumulisha mtoto mchanga mara moja, labda mara mbili, huku wenzake 60 wakichungulia nyuma yake.

Kisha usiku mmoja yuko peke yake leba. Mtoto ametoka, hajalia. Mezani kuna ambu, ule mfuko wa kuminya unaopeleka hewa kwenye maski. Mikono yake itakumbuka nini?

Ndugu zangu, ushirikiano na vyuo na hospitali za nje tumekuwa nao miaka mingi, na tunaushukuru. Lakini tuupime kwa kipimo gani? Kwa idadi ya makasha yaliyoshushwa bandarini? Nimesimama hapa kusema tuupime kwa mikono. Mikono ya mwanafunzi imerudia zoezi mara ngapi? Na mgeni akishapanda ndege kurudi kwao, nani amebaki anayejua kuliendesha zoezi na kuuliza maswali baada yake?

Tuanze kwa kuvunja woga. Wapo wanaodhani simulesheni, yaani kujifunza tiba kwa mdoli au mgonjwa wa kuigiza, ilizaliwa na kompyuta. Ilizaliwa na sindano na uzi. Ufaransa, mwaka 1759, Mfalme Louis XV alimpa mkunga Angélique du Coudray kibali cha kuzunguka nchi akifundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Alitembea na kifaa alichokiita mashine: nyonga na tumbo la mama vilivyoshonwa kwa kitambaa na ngozi, na mtoto wa kitambaa wa kupitisha humo. Kimoja cha vifaa hivyo kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma. Mikono yao ilisoma.

Mwaka 1911, chuo cha wauguzi cha Hospitali ya Hartford, Marekani, kilihitaji mdoli wa ukubwa wa mtu mzima ili wanafunzi wajifunze kumgeuza na kumwosha mgonjwa. Kazi hiyo alipewa nani? Martha Jenkins Chase wa Pawtucket, mama aliyekuwa akishona wanasesere wa watoto. Wauguzi wakauita mdoli huo Bi Chase. Na mwaka 1960 ukaja mdoli wa Resusci Anne wa kufundishia kuokoa mtu aliyeacha kupumua. Aliyeutengeneza, Åsmund Lærdal wa mji wa Stavanger nchini Norwei, alikuwa na kiwanda cha vitu vya kuchezea. Aliufanyia kazi pamoja na Bjørn Lind, daktari wa usingizi wa Norwei, na Peter Safar, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Baltimore.

Mnaona hapo? Mtu wa Vienna aliyehamia Marekani, daktari wa Norwei, na fundi wa wanasesere. Huo ndio ushirikiano wa kimataifa wenye afya: mmoja analijua tatizo, mwingine anaijua tiba, wa tatu ana mikono ya kutengeneza. Mafundi cherehani tunao katika kila mtaa. Tusijione maskini katika jambo hili.

Sasa twende Haydom.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara. Ilianzishwa na wamisionari wa Norwei miaka ya 1950, na uhusiano wake na Stavanger ni wa muda mrefu. Mwaka 2010 yalianza mafunzo yaitwayo Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto wachanga wapumue. Yaliandaliwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na washirika wake, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyatumia. Hapo Haydom watoa huduma walifundishwa kwa siku moja. Siku moja, kwa mdoli mdogo uitwao NeoNatalie.

Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye kwa kutumia mdoli, waliofaulu zoezi la kumpumulisha mtoto walikuwa wamepanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Mkuu wa chuo gani hapa asingefurahi? Wafadhili gani wasingepiga makofi? Hapo wengi tungeandika ripoti, tukafunga faili.

Lakini Haydom walikuwa na kitu ambacho vyuo vyetu vingi havina. Walikuwa na wasaidizi wa utafiti waliokaa chumba cha kujifungulia usiku na mchana, saa ya kupimia muda mkononi, wakiandika kila mtoto amefanyiwa nini na sekunde ya ngapi. Daftari hilo likasema jambo chungu. Kwenye mdoli wamebadilika. Kwa mtoto halisi, hawajabadilika.

Narudia, maana hili ndilo lililonileta hapa leo. Kwenye mdoli wamebadilika, kwa mtoto hawajabadilika.

Nawasifu watu wa Haydom na wenzao wa Norwei kwa sababu matokeo hayo waliyachapisha. Waliyasema hadharani, mwaka 2013, wakati kila mtu alitaka kusikia habari njema tu. Kisha wakauliza: kilichopungua ni nini? Mdoli ni uleule, mkunga ni yuleyule. Kilichopungua ni kurudia. Mkono hausahau kwa ubishi, unasahau kwa kukaa bure.

Wakautoa mdoli darasani, wakauweka chumba cha kujifungulia. Kila wiki, zoezi la dakika 3 hadi 5 palepale kazini, na mara moja kwa mwezi zoezi refu la dakika 40. Hakuna posho ya semina, hakuna ukumbi, hakuna chai ya saa 4. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2. Watoto waliosisimuliwa kwa kusuguliwa mgongo waliongezeka, na waliofikia kuhitaji kupumulishwa kwa ambu wakapungua. Mnaelewa maana ya hilo? Wengi walipata msaada mapema, wakapumua wenyewe.

Kutoka hapo mpango ukakua. Wizara ya Afya, Haydom, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Stavanger na washirika wengine waliupeleka katika hospitali na vituo 30 vya mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kila kituo kilikuwa na wakunga wake waliofundishwa kuendesha mazoezi. Matokeo yalitoka mwaka 2025, baada ya kufuatilia akina mama na watoto karibu 300,000. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilishuka kutoka 6.4 hadi 3.9 kwa kila 1,000. Hao waliookolewa hawakuokolewa na mtaalamu aliyeruka kutoka Ulaya. Waliokolewa na mkunga wa kituo aliyefundishwa na mkunga mwenzake wa kituo.

Basi hizo dakika 5 zinafanywaje? Nitalieleza hili taratibu. Mnaoandika, andikeni.

Mdoli wa NeoNatalie hujazwa maji ya uvuguvugu, kama lita 2. Usiujaze hewa kwa uvivu wa kubeba ndoo. Ukiujaza maji unapata uzito na ulegevu wa mtoto aliyechoka, kichwa kinaanguka, mkono unateleza. Ukiujaza hewa umepata puto, na mwanafunzi atajifunza kubeba puto. Una balbu za kubonyeza: moja hupandisha kifua kana kwamba mtoto anapumua, nyingine hutoa mapigo kwenye kitovu. Mtu mmoja anashika balbu, na huyo ndiye mtoto. Mwingine ni mkunga. Wa tatu ana saa na karatasi.

Saa inaanza mtoto anapotoka. Mkunga anamkausha vizuri, anaondoa kitambaa kilicholowa, anamfunika kikavu. Mtoto halii. Anasafisha njia ya hewa kama kuna uchafu, anamsugua mgongo. Bado halii. Anabana na kukata kitovu, anamlaza mezani, anaweka maski, anaanza kupumulisha. Yote hayo ndani ya sekunde 60, ndiyo maana tunaiita dakika ya dhahabu. Kisha anaendelea kwa pumzi 40 kwa dakika, akihesabu kwa sauti, huku akiita msaada.

Yule mwenye balbu asiwe na huruma ya uongo. Kifua kisipopanda, mapigo yabaki polepole. Asipandishe mapigo kwa sababu mkunga ni rafiki yake. Mtoto halisi hana urafiki huo.

Na kifua kitagoma kupanda, hilo mlitarajie. Kwa nini? Mara nyingi maski inavuja. Mwanafunzi anakandamiza juu kwa nguvu badala ya kukivuta kidevu kije kwenye maski, basi hewa inatoka pembeni ya pua. Au kichwa kimepindishwa nyuma mno, au kimeinama kifuani kwa sababu hakuna aliyekiweka sawa; pua ielekee juu kidogo tu, kama mtoto anayenusa. Au mdomo umefunga. Au kuna makamasi. Au mfuko unaminywa kwa woga. Tuwafundishe waende kwa mpangilio uleule kila siku: kichwa, mdomo, mfuko. Weka upya maski na kichwa. Safisha mdomo, uache wazi kidogo. Minya mfuko kwa nguvu zaidi. Wakitamka kwa sauti siku 50, usiku wa 51 midomo yao itatamka wenyewe.

Kuna kosa jingine ambalo mdoli hauwezi kulilalamikia, kwa hiyo mwalimu alilalamikie yeye: kunyonya makamasi bila mwisho. Mkunga ananyonya, ananyonya tena, anageuza, ananyonya, na dakika ya dhahabu imepita hajagusa maski. Daftari lile la Haydom lilionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupumulisha ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Sekunde 30! Ni muda wa kutafuta maski ya saizi sahihi kwenye droo. Kwa hiyo zoezi lianze kabla mtoto hajatoka: maski zote mbili ziko mezani, namba 1 ya mtoto aliyetimia miezi na namba 0 ya njiti? Ambu imejaribiwa kwenye kiganja? Vitambaa viwili vikavu vipo?

Hapo nimemaliza la mikono. Sasa la mdomo, na hili naliona gumu kuliko lile.

Zoezi likiisha, kinachofuata ni tafakuri, yaani mazungumzo ya baada ya zoezi. Walimu wengi wa simulesheni duniani wanakubaliana kwamba hapa ndipo mtu anapojifunzia. Lakini hapa ndipo tunapopakimbia. Zoezi limechukua dakika 10, tafakuri tunaipa dakika 2, kisha "haya, kundi linalofuata!" Inatakiwa iwe kinyume. Zoezi la dakika 10 lipewe tafakuri ya dakika 20, na kama muda hautoshi, punguzeni zoezi.

Chukueni kisa hiki. Mama amejifungua salama, kondo limetoka, ametulia. Baada ya dakika chache anasema, "Nesi, nasikia baridi." Chini yake kuna kanga iliyolowa damu. Mwanafunzi afanye nini?

Kisa hiki ni chetu, hatukukopa popote. Mkoani Kigoma, watafiti wa Tanzania pamoja na wenzao kutoka nje walitafuta njia ya kupima damu inayomtoka mama aliyejifungulia nyumbani, mahali pasipo na kipimo chochote. Wakatazama kitu ambacho kila mama anacho. Kanga! Saizi yake karibu ni ileile kila mahali. Wakakuta kwamba kanga mbili zikilowa kabisa, damu imezidi mililita 500, na huyo mama yuko hatarini. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2005. Huo ndio ushirikiano ninaousema mimi: utaalamu umetoka mbali, jibu limetoka sandukuni kwa bibi.

Basi fanyeni hivi darasani. Chemsheni rosela, mpate maji mekundu yasiyo na gharama. Ila yanaacha doa, kwa hiyo tumieni kanga kuukuu na msiyamwage juu ya ngozi ya mdoli. Pimeni kwa jagi mililita 250, mwage kwenye kanga moja. Nyingine mililita 500. Nyingine 750, na sehemu yake imwagikie sakafuni chini ya kitanda, maana ndivyo damu inavyojificha. Kila mwanafunzi aandike makisio yake kwenye karatasi kabla ya kuzungumza na mwenzake. Kisha onyesheni kipimo halisi. Wengi watakuwa wamekisia pungufu, na kadiri damu ilivyo nyingi ndivyo watakavyozidi kupunguza. Hakuna mhadhara utakaolifundisha jicho kama hiyo karatasi ndogo.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2023 utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na Shirika la Afya Duniani, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja badala ya kungojana, madhara makubwa ya kuvuja damu hupungua kwa asilimia 60. Tiba zenyewe mnazijua: kukanda mfuko wa uzazi, yaani uterasi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, gramu 1 kwenye mshipa, maji ya mshipani, na kukagua chanzo cha damu. Dawa hizo hazikuwa mpya. Lililokuwa jipya ni kugundua mapema na kufanya yote kwa pamoja, na hayo mawili yanafundishika kwa kanga, jagi na mtu wa kujilaza kitandani.

Turudi kwenye tafakuri. Mwanafunzi wetu amemaliza kisa cha kanga. Amesahau kukanda tumbo, amekimbilia dripu. Wote wameona. Mwalimu anamwambia, "Kwa nini hukukanda uterasi?" Mwanafunzi anaangalia chini: "Samahani, mwalimu." Limekwisha hapo. Umejua nini kilichokuwa kichwani mwake? Hujui. Pengine alidhani tumbo ni gumu. Pengine alingoja mkunga mkubwa amruhusu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na tiba zake ni tofauti, na wewe umetoa kidonge kimoja cha aibu kwa yote mawili.

Jaribu hivi: "Nimeona ulikwenda kwenye dripu kabla ya kushika tumbo. Nina wasiwasi kwa sababu damu iliendelea kutoka. Ulikuwa unafikiria nini wakati ule?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Sisi walimu tunauogopa ukimya, tunaujaza maneno yetu. Uache ukae.

Tafakuri ina ngazi tatu. Kwanza, kilitokea nini, kila mtu aseme alichokiona. Hii iwe fupi. Pili, kwa nini kilitokea; hapa ndipo mkae. Tatu, zamu yako ijayo utafanya nini tofauti. Kila mmoja jambo moja, aliseme kwa mdomo wake. Aanze kuzungumza mdogo, si kiongozi wa darasa. Mila yetu ya heshima ni nzuri, lakini mkubwa akishasema, mdogo atasema "nakubaliana naye", na hilo jicho lililoona kosa litakaa kimya. Na kabla ya zoezi ahidini mbele ya wote: yanayotokea chumba hiki hayaendi ofisini wala kwenye matokeo ya mtihani. Mkishaahidi, timizeni. Mwalimu akivunja ahadi hiyo mara moja tu, amepoteza darasa zima kwa mwaka mzima.

Na lugha? Tuseme ukweli. Mitaala yetu ni ya Kiingereza, wageni wetu wanatuletea miongozo ya tafakuri kwa Kiingereza, nasi tunaisoma kama ilivyo. Mwanafunzi akiulizwa kwa Kiingereza alichokuwa anafikiria, anatafuta sarufi kwanza, fikra baadaye. Mama aliye kitandani anasema "nasikia baridi", hasemi lolote la kitabuni. Zoezi lenye mgonjwa liendeshwe kwa Kiswahili. Tafakuri iendeshwe kwa Kiswahili. Majina ya dawa na kumbukumbu za faili zibaki kama mtaala unavyotaka. Washirika wetu, mnaposema mnataka kutusaidia, ombi letu ni hili: mwezeshaji wa Kiswahili afundishwe kwanza, mdoli uje baadaye.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, ila msidharau. Mashine iliyonunuliwa Marekani hutaka volti 120 na sisi tuna 230. Ikichomekwa bila transfoma inaungua siku ya uzinduzi. Ulizeni kabla haijapakiwa. Ulizeni pia leseni ya programu inakwisha lini, na vipuri vinapatikana wapi: mapafu ya mdoli, ngozi za mkono wa kuchomea sindano, valvu. Vitu hivi huisha, na visipokuwamo kwenye mkataba mdoli unageuka pambo. Usiulaze mdoli juu ya gazeti wala usiuandike kwa kalamu ya wino; wino huingia kwenye ngozi na hautoki. Baada ya zoezi mwaga maji yote, kausha kwa siku nzima kabla ya kufunga, la sivyo ukungu utakaa ndani.

Na kuna moja linaloogopesha. Mwishoni mwa 2014 huko Marekani, chupa za maji ya chumvi zilizotengenezwa kwa mazoezi tu, ambazo si safi kwa mshipa wa mtu, zilinunuliwa na kliniki kama dripu za kawaida. Wagonjwa zaidi ya 40 walitundikiwa. Marekani hiyo, yenye stoo za kompyuta! Kwetu, ambako chumba cha mazoezi na wodi hugawana droo moja, tujilinde vipi? Kila chupa, kila sindano ya mazoezi iandikwe kwa maandishi makubwa MAZOEZI TU, ikae chumba chake, na jioni zihesabiwe kama tunavyohesabu vifaa vya upasuaji. Ambu ya mazoezi isirudi leba, na ya leba isije darasani.

Mtaniuliza: je, simulesheni ichukue nafasi ya wodi? Mwaka 2014 bodi za uuguzi za Marekani zilitoa matokeo ya vyuo 10 na wanafunzi 666 waliofuatiliwa hadi mwisho, yakionyesha kwamba hadi nusu ya saa za wodini zinaweza kufanywa kwa simulesheni bila mhitimu kupungukiwa. Namba hiyo imesafiri dunia nzima, lakini imesafiri bila masharti yake. Vyuo vile vilikuwa na walimu waliofundishwa rasmi kuendesha mazoezi na tafakuri. Na upungufu wao haufanani na wetu. Wao hukosa wagonjwa wa kujifunzia. Sisi wagonjwa tunao. Tunachokosa ni mwalimu pembeni ya kitanda chenye wanafunzi 20. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2013 kwamba vyuo vyenye uwezo mdogo vitumie simulesheni za vifaa rahisi. Basi kwetu zoezi litangulie wodi, ili mwanafunzi afike kitandani mikono ikiwa tayari.

Mtasema darasa lina watu 80. Hesabu ni hii. Makundi 10 ya watu 8. Vituo 3, kila kimoja na mwezeshaji wake na mdoli au mtu wa kujilaza. Kila kundi lipewe dakika 45: 10 za maelezo, 10 za zoezi, 25 za tafakuri. Hiyo ni mizunguko 4, saa 3 za mchana mmoja. Katika kundi la 8, wanne wanafanya na wanne wanatazama, lakini mtazamaji asikae bure: mmoja apime muda, mmoja aandike maneno waliyoambiana, mmoja aangalie mikono, mmoja amwangalie mama tu, alivyoambiwa na alivyofunikwa. Huyo wa mwisho mara nyingi ndiye huleta jambo ambalo mwalimu hakuliona.

Sitawaweka zaidi. Kwenye ukumbi wa nyuma maji ya uvuguvugu yameshamiminwa, midoli 4 iko mezani, kanga ziko kwenye beseni na majagi yako pembeni. Karatasi za makisio zipo mlangoni. Kila mtu achukue yake, na wakuu wa vyuo pia, aandike kabla hajamuuliza jirani. Kundi la kwanza ni wale waliokaa mistari miwili ya mbele. Aliyetoka zamu ya usiku aanze yeye, akalale.